NDUGU MKUBWA: HABARI ZA WATU WAZIMA WALIOWALEA MASKAUTI



Kila mwaka kitabu hiki hueleza fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliotazamwa hospitalini, misiba iliyosaidiwa na watoto waliolipiwa karo. Mambo hayo Katibu na Mweka Hazina wamekwisha kuyaandika katika kurasa zilizotangulia, nami sina la kuongeza. Halmashauri imenitaka niandike juu ya jambo ambalo halimo katika hesabu zetu, kwa kuwa halikutugharimu hata senti moja, nalo ni kazi ya watu wazima wanaojitolea kuwalea vijana katika uskauti.

Nimekubali kwa sababu jambo lenyewe limefika mlangoni petu. Kundi la maskauti wanaokutana kila Jumamosi alasiri katika uwanja ulio nyuma ya ukumbi wetu limekaa miezi mitano bila kiongozi. Yule aliyelilea kwa miaka saba alihamishwa kikazi akaenda mbali, wala hakuna aliyeshika nafasi yake. Watoto hawakuacha kuja. Jumamosi ya kwanza walijipanga mstari, wakapandisha bendera, wakangoja. Jua lilipopungua wakaishusha, wakaikunja vizuri, wakaenda zao. Jumamosi ya pili wakafanya vivyo hivyo. Mimi niliwaona dirishani nikinakili daftari la michango, wala sikutoka nje. Naungama jambo hili mapema, ili msomaji ajue kwamba maneno yafuatayo nimejiandikia kwanza mimi mwenyewe.

Basi na tutazame uskauti ulianzaje, na ni nani waliobeba mzigo wake hata ukatufikia sisi.

ULEZI SI MGENI KWETU

Yafaa tukumbuke kwamba kumtia kijana mikononi mwa mtu mzima asiye mzazi wake si desturi iliyoletwa kwa meli. Watu wa pwani wana kungwi, ambaye humfunza kijana yale ambayo mzazi huona haya kuyasema. Wakikuyu wana mutiiri, anayesimama na kijana siku ya kutahiriwa na kumwongoza baadaye. Wakipsigis na Wanandi wana motiriot, mwalimu wa vijana wakiwa jandoni. Katika nchi ya Wajaluo wavulana waliketi jioni katika duol, penye moto wa mzee, wakasikia habari za ukoo. Wasichana nao walilala kwa bibi katika siwindhe, wakafunzwa kwa hadithi na vitendawili. Mlezi wa namna hiyo hakulipwa mshahara. Malipo yake yalikuwa heshima, na kama kijana wake angeharibika, aibu ingekuwa yake pia.

Miji ilipokua, mambo yalibadilika. Baba hutoka alfajiri akarudi usiku; mama naye yu sokoni au kazini; babu na bibi wako mashambani, safari ya siku nzima. Kijana amebaki na barabara, na barabara nayo hufundisha, tena haichoki. Wazee walisema: Udongo uwahi ungali maji. Swali letu la leo ni nani atakayeuwahi.

MAFUNZO YA MAFEKING

Mwanzilishi wa uskauti, Robert Baden-Powell, alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akawa askari. Katika vita vya Waingereza na Makaburu alikuwa mkuu wa majeshi katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, ambao ulizingirwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Askari walikuwa wachache. Ofisa mmoja aliyeitwa Lord Edward Cecil aliwakusanya wavulana wa mji, akawapa sare na kazi ya kupeleka barua na habari, kwanza kwa punda, baadaye kwa baisikeli. Hapo Baden-Powell aliona jambo ambalo hakulisahau: mvulana akipewa kazi ya kweli, na mtu mzima akamwamini, huifanya kwa uaminifu kama mtu mzima.

Haki yatudai tuongeze neno hapa. Mji ule haukulindwa na Wazungu peke yao. Waafrika wa kabila la Barolong walipigana na kulinda upande wao, na wakati wa mgao wa chakula njaa iliwauma Waafrika kuliko wengine. Habari zao twazipata katika shajara ya Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama ya Mafeking, ambayo haikuchapishwa mpaka mwaka 1973, miaka mingi baada ya kufa kwake. Mimi niliye karani hufurahi kuona kwamba aliyetuhifadhia ukweli huo alikuwa mtu wa kalamu na daftari.

KAMBI YA KISIWANI

Baden-Powell aliporudi Uingereza alikuta kwamba kitabu chake kidogo cha kuwafunza askari upelelezi, kilichochapwa mwaka 1899, kinatumiwa na walimu kuwafundishia watoto. Tena alitazama kazi ya William Smith wa Glasgow, aliyeanzisha chama cha Boys' Brigade mwaka 1883. Smith naye alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu wa kujitolea, naye akamtia moyo akitengeneze upya kitabu kile kiwafae wavulana.

Kabla ya kuandika alitaka kujaribu. Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20, wakapiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini ya Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa wakubwa, waliosoma katika shule za gharama. Wengine walikuwa wana wa watu wa kazi, kutoka Boys' Brigade ya miji ya Poole na Bournemouth. Akawachanganya, akawagawa katika vikosi vinne, kila kimoja na jina la ndege au mnyama. Na kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake, naye alikuwa mvulana mwenzao.

Hiki ndicho kiini cha uskauti, nacho hupotea upesi kikikosa mtu wa kukishika. Mlezi wa kundi hawaamrishi watoto 30 kama sajini gwarideni. Yeye huwafunza viongozi wa vikosi, nao huenda wakawafunza wenzao. Panapokuwa na shauri la kukata, viongozi hao huketi barazani pamoja na mlezi wao. Wao husema kwanza, yeye husema mwisho, na mara nyingi haoni haja ya kusema. Baden-Powell alishika neno moja maisha yake yote, kwamba mlezi wa maskauti asiwe mwalimu wa darasa wala mkuu wa jeshi, bali awe kama ndugu mkubwa katikati ya wadogo zake. Ndugu mkubwa hucheza nao, hula nao, hujua tabia ya kila mmoja. Lakini hawatendei kazi yao.

Nilipokuwa mvulana mlezi wetu alikuwa fundi wa mabomba ya maji, mtu wa maneno machache. Usiku mmoja tulipiga kambi kwenye mteremko wa Ngong, na hema letu tulilifunga ovyo kwa haraka ya kwenda kula. Mvua ilikuja saa sita, hema likatuangukia. Tulipiga kelele tukimwita. Aliwasha taa katika hema lake ili tujue yu macho, akahakikisha hakuna aliyeumia, kisha akakaa kimya. Tulilisimamisha wenyewe gizani, tukitetemeka, fundo kwa fundo. Asubuhi alitupa chai ya moto, akauliza swali moja tu: “Fundo gani lilishika?” Tangu siku ile sijafunga kamba ovyo, iwe ya hema au ya mzigo. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, ndipo nilipotambua kwamba yeye naye hakulala usiku ule.

WATOTO WALIOTAFUTA WALEZI

Kitabu cha Scouting for Boys kilitoka mwaka 1908 kwa sehemu sita, moja kila majuma mawili, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuilipa. Mwandishi alidhani kitatumiwa na vyama vya vijana vilivyokuwako. Haikuwa hivyo. Wavulana walikinunua wenyewe kwa vijisenti vyao, wakajikusanya, wakajipa majina ya wanyama, wakakata fimbo, na baada ya hayo yote ndipo wakaenda kwa mwalimu, kwa padre au kwa jirani, wakamwomba awe mkubwa wao. Uskauti basi haukuanza kwa watu wazima kuwaita watoto. Ulianza kwa watoto kuwaita watu wazima.

Mwezi wa Septemba 1909 maskauti wapatao 11,000 walikutanika Crystal Palace, London. Miongoni mwao walitokea wasichana ambao hakuna aliyewaalika, wakasema nao ni maskauti. Hawakupuuzwa: mwaka 1910 chama cha Girl Guides kilianzishwa, na Agnes Baden-Powell, dada wa mwanzilishi, akakishika. Hapo tena waliotangulia walikuwa watoto, na mkubwa alikuja nyuma yao.

Nilipozisoma habari hizi niliwakumbuka wale walio uwanjani kwetu. Kundi lisilo na mlezi, linalojipanga na kungoja, si ajabu mpya. Ndivyo makundi mengi yalivyoanza. Tofauti ni moja tu: wale wa zamani walipobisha hodi, mtu alifungua.

VITA, NA AKINA MAMA

Mwaka 1914 vita kuu ilipozuka, walezi wa maskauti kwa maelfu walikwenda vitani, na wengi hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Roland Philipps, mwana wa lord mmoja. Yeye aliacha maisha ya starehe akaenda kuwatumikia wavulana maskini wa London ya mashariki, akaandika mwaka 1914 kitabu juu ya njia ile ya vikosi tuliyoitaja. Aliuawa katika vita vya Somme mwezi wa Julai 1916. Nyumba yake iliyokuwa Stepney aliiacha wosia iwe ya maskauti, nayo ikajulikana kama Roland House.

Makundi yaliyobaki bila mkubwa yalisimama kwa njia mbili. Kwanza, viongozi wa vikosi, wavulana wa miaka 15 na 16, waliyaendesha wenyewe. Yaani mafunzo ya ndugu mkubwa yalionekana kuwa ya kweli siku ile ndugu mkubwa alipokuwa hayupo. Pili, wanawake waliingia. Mwaka 1916 ilipoanzishwa daraja ya watoto wadogo, iliyoitwa Wolf Cubs, walezi wengi walikuwa wanawake, na mmoja wao, Vera Barclay, alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa kazi hiyo. Nayataja haya kwa ajili ya akina mama wa chama chetu, ambao pengine wamedhani kwamba habari hizi ni za waume.

GILWELL, NA SHANGA ZA DINIZULU

Vita ilipokwisha ilionekana wazi kwamba moyo mwema peke yake hautoshi. Mtu aweza kuwapenda watoto asijue kuwalea. Bwana W. de Bois Maclaren, mtu wa Scotland aliyekuwa kiongozi wa maskauti katika wilaya yake, alitoa fedha za kununua shamba la Gilwell Park karibu na London, lililokuwa limeachwa likaota magugu. Vijana wakubwa walilifyeka kwa mikono yao. Lilifunguliwa mwezi wa Julai 1919, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo watu 19 walihudhuria mafunzo ya kwanza ya walezi. Watu wazima hao walilala katika mahema, wakagawanywa katika vikosi, wakapika, wakapokea amri za mwenzao, ili waonje yale watakayowapa watoto.

Aliyemaliza mafunzo alipewa ishara iitwayo Wood Badge, yaani beji ya mti: vipande viwili vidogo vya mti katika ugwe wa ngozi, huvaliwa shingoni. Vile vya kwanza vilitoka katika mkufu wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu, mwana wa Cetshwayo, ambao Baden-Powell aliupata katika vita vya Zululand mwaka 1888. Pambo la heshima la mfalme Mwafrika lilitoka kwake kwa njia ya vita. Hatuwezi kulisema kwa maneno matamu zaidi. Lakini mambo yakageuka hivi, kwamba mfano wa shanga zile huvaliwa leo duniani kote na watu ambao hawakushinda vita yoyote, ila wamejifunza kuwatumikia watoto bila malipo. Kijana wa Kiafrika akiziona shingoni mwa mlezi wake, na ajue zimetoka wapi.

USKAUTI KATIKA KENYA

Katika nchi yetu uskauti ulianza mwaka 1910. Mwanzoni ulikuwa jambo la watoto wa Kizungu. Baadaye ulienea katika shule za misheni, na huko Waafrika waliupokea kwa bidii. Hata hivyo kwa miaka mingi vikundi vya Wazungu, vya Waasia na vya Waafrika vilikaa mbalimbali. Sheria ya nne ya skauti ilisema kwamba skauti ni rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti mwenzake. Watoto waliikariri sheria hiyo kila juma, kisha wakaenda kila mmoja kwa kundi la rangi yake. Mtoto huona mambo kama hayo hata asiposema.

Katika sehemu za Wakikuyu, wakati wa shule za kujitegemea, yalitokea pia makundi ambayo hayakuandikishwa. Yalivaa skafu na kupiga gwaride bila ruhusa ya makao makuu, na wakuu wa serikali waliyatazama kwa wasiwasi. Mimi huyatazama kwa jicho jingine. Naona ndani yake jambo lile lile la mwaka 1908: watoto walitaka kitu, na watu wazima wa karibu nao wakakubali kusimama nao, wawe na cheti au wasiwe nacho.

Halafu zikaja siku ngumu za Hali ya Hatari. Mwaka 1955 vijana waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau walianza kukusanywa katika kambi ya Wamumu, katika nchi ya Mwea. Yalikuwa mahali pa kifungo, wala tusiyapambe. Lakini miongoni mwa waliofanya kazi na vijana wale walikuwamo Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, nao waliona kwa macho yao kwamba kijana aliyetupwa na watu wote hurudi akipata mtu mzima mmoja asiyemwacha. Mwezi wa Novemba 1959 watatu hao walianzisha kituo cha Starehe mjini Nairobi, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani, katika vibanda viwili vya mabati. Griffin alikaa na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2005, miaka zaidi ya 45. Starehe si kundi la skauti. Nimeitaja kwa sababu ya neno moja tu, nalo ni kukaa.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwaka 1964 chama cha skauti cha nchi yetu kikaingia katika chama cha dunia kwa jina lake chenyewe. Miongoni mwa waliokiongoza kwa miaka mingi alikuwa Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyeanza maisha kama mwalimu, akachaguliwa kuingia Legco mwaka 1958, akawa waziri. Mtu wa shughuli nyingi kama huyo alipata nafasi ya kuvaa skafu. Siku hizi madaraja ya maskauti wa Kenya yana majina ya lugha yetu: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri; na ndani yake wamo wavulana na wasichana. Mwaka 2010 vijana wa mataifa mengi walikutanika Nairobi katika Moot ya dunia ya kumi na tatu, mkutano wa maskauti waliokwisha kuwa watu wazima. Makao yao yalikuwa kambi ya Rowallan, iliyopewa jina la Lord Rowallan, mkuu wa maskauti wa Uingereza na Jumuiya ya Madola kati ya mwaka 1945 na 1959.

KABURI LA NYERI

Wasomaji wengi wajua kwamba Baden-Powell aliumaliza mwendo wake hapa kwetu. Mwaka 1938 alihamia Nyeri na mkewe Olave, wakakaa katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa amefanya kazi naye katika siku za kwanza za uskauti. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, mbele ya mlima Kenya. Mkewe alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa yakawekwa katika kaburi lile lile.

Juu ya jiwe imechorwa alama ndogo: duara, na katikati yake nukta. Ni moja ya alama ambazo maskauti huwachorea wenzao njiani, na maana yake ni “nimekwenda nyumbani.” Skauti hachori alama kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa yeye njia anaijua. Huichora kwa ajili ya anayekuja nyuma. Basi hata alama ya kaburini yadhani kwamba yupo mtu anayefuata.

JUU YA KUAMINIWA

Sitakuwa mkweli nikiandika sifa tupu. Kazi hii humpa mtu mzima nafasi ya kukaa na watoto wa wenzake mbali na nyumbani, na wako waliotumia nafasi hiyo kwa uovu. Mwezi wa Februari 2020 tulishuhudia sisi wenyewe, chama kikubwa cha skauti cha Marekani kilipoomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi kwa sababu ya madai ya watu waliodhulumiwa miili yao utotoni. Waliodai walikuwa zaidi ya 80,000, na fidia iliyokubaliwa ilipita dola bilioni 2. Wengi walikuwa wamenyamaza miaka 30 au 40. Wakubwa waliojua wakaficha, ili jina la chama lisiharibike. Na jina likaharibika zaidi.

Kwa hiyo siku hizi ziko kanuni ambazo mtu mwema hataziona kuwa matusi. Mlezi achunguzwe kabla ya kupokewa, tena aandikishwe. Apate mafunzo. Asikae peke yake na mtoto mahali pa siri. Wawepo daima watu wazima wawili. Wazazi wakaribishwe kuja wakati wowote bila taarifa. Mtoto akileta malalamiko, asikilizwe kabla ya kukemewa. Anayekasirika kwa kuulizwa habari zake, huyo tusimpe watoto wetu. Ndugu mkubwa wa kweli hutaka nyumba iwe wazi.

NENO LA MWISHO

Tumeona, ndugu wasomaji, kwamba chama hiki cha dunia, chenye watu zaidi ya milioni 50, hakikusimama kwa fedha wala kwa sare. Kilisimama kwa sababu katika mitaa mingi alipatikana fundi, mwalimu, mama wa nyumbani au karani, aliyekubali kupoteza Jumamosi yake. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Fundi wetu wa mabomba hamtamkuta katika kitabu chochote. Nami hata hapa sikumtaja jina, kwa kuwa hakupenda kutajwa.

Mtu husema, “Mimi sijui mafundo, sijui kambi.” Mafundo hufundishwa kwa siku moja. Lisilofundishwa ni kurudi Jumamosi ijayo, na ile ya baadaye, mpaka mtoto aache kutazama njiani kuona kama utakuja. Mwingine husema, “Sina nafasi.” Huyo ndiye niliyekuwa mimi, dirishani, na daftari mkononi.

Mwezi uliopita nilitoka. Nilikwenda uwanjani, nikamwuliza kiongozi mkubwa wa vikosi, msichana wa miaka 14, kama waliweza kunivumilia mtu nisiyekumbuka hata nusu ya alama. Hakucheka. Aliwaita viongozi wenzake wakaketi baraza, nami nikangoja pembeni kama dakika kumi. Kisha akaja akaniambia kwamba wamekubali, ila yafaa nitafute mwenzangu, kwa sababu kanuni yataka wawili.

Jina langu limekwisha kupelekwa kwa kamishna wa wilaya lichunguzwe, na nafasi ya mafunzo nimeiomba. Bado anatakiwa wa pili, na ingefaa zaidi akiwa mama, maana nusu ya kundi ni wasichana. Aliye tayari na ampe Katibu jina lake kabla ya mkutano mkuu. Asiye tayari na apite tu siku moja awatazame. Wao huanza saa tisa alasiri, wala hawajachelewa hata mara moja.